Insafu ya Magurudumu Manne: Tarehe ya Breki za Dramu katika Motokaa za Spoti

Watu wanapoisimulia tarehe ya motokaa huanza na mwendo: nguvu za injini, kasi iliyoipita kasi ya jana, na majina ya madereva waliovikwa mashada ya ushindi, na ni wachache wanaokumbuka kwamba hapana mwendo uliopata kuaminiwa na mtu mwenye akili timamu ila baada ya kupatikana njia ya kuuzuia. Tena hao wachache, wakitaja breki, hutaja wavumbuzi na hati zao, kana kwamba breki ilizaliwa kamili juu ya meza ya mchoraji, ikafungwa garini, ikatumika hata gari likachakaa. Kwa breki za dramu, zilizotawala motokaa za spoti kwa muda wa nusu karne, mambo hayakuwa hivyo hata kidogo. Breki hizo zilitoka kiwandani zikingojea kukamilishwa, na aliyezikamilisha ni fundi aliyepiga magoti kando ya gurudumu, bisibisi na spana mkononi, akairudia kazi yake kila baada ya maili elfu kadhaa maadamu gari lilikuwa likienda. Asipohesabiwa fundi huyo, tarehe ya mwendo wa motokaa haijatimia.

Asili ya kazi hii ni ya kale kuliko motokaa yenyewe. Katika vilima vya Derbyshire, Uingereza, mikokoteni ya farasi iliyokuwa ikiteremka na mizigo ilizuiliwa kwa gogo la mti lililobanwa juu ya ukingo wa gurudumu, na gogo hilo, likishalowa mvua au kulainika kwa msuguano, liliteleza pasipo faida. Inasimuliwa kuwa Herbert Frood, aliyekuwa akisafiri katika nchi hiyo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, aliwaona wachukuzi wakipigilia ngozi za viatu vikuukuu juu ya magogo yao ili yashike vizuri zaidi, akatambua kwamba siri ya kuzuia haikuwa katika nguvu za mkono tu, bali pia katika kile kitu kinachogusana na gurudumu. Mwaka 1897 alianza biashara ya kutengeneza vipande vya kuzuilia kwa kitambaa kilichofumwa imara na kutiwa dawa ya kunata, na baadaye kiwanda chake huko Chapel-en-le-Frith kikapata sifa duniani kwa jina la Ferodo, ambalo ni herufi za jina lake mwenyewe zilizopangwa upya na kuongezwa moja. Motokaa zilipozidi mwendo pamba ya kitambaa hicho iliungua. Kwa hiyo tangu mwaka 1908 Frood aliweka mahali pake asbesto, madini yenye nyuzi yasiyoshika moto, na kwa uamuzi huo aliwapa madereva salama na, bila ya kujua, akawaandalia mafundi msiba ambao habari yake itakuja mahali pake.

Dramu nayo ilikuja kwa hatua. Motokaa nyingi za kwanza zilizuiliwa kwa utepe uliozungushwa nje ya gurudumu dogo la chuma na kukazwa kwa wenzo. Utepe huo ulikuwa wazi kwa tope na mvua, na hatari yake kubwa zaidi ilikuwa mlimani, kwa maana ulishika vizuri gari likienda mbele, lakini gari lililozimika likaanza kurudi nyuma liliufungua utepe badala ya kuubana. Mwaka 1902 Louis Renault wa Ufaransa alisajili breki ambayo mambo yake yote yalikuwa ndani: dramu ya chuma iliyofungwa pamoja na gurudumu na kuzunguka nalo, na ndani yake shuu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo, zimetulia juu ya bamba lisilozunguka, ambazo dereva alipokanyaga zilitanuka na kuisugua dramu kwa ndani.

Kwa mpango huu tope na mvua vilizuiliwa mlangoni, na ikadhihirika faida nyingine. Shuu moja kati ya hizo mbili, ile ambayo dramu huizungukia kutoka ncha inayosukumwa kuelekea ncha iliyoegemea, haibanwi na dereva peke yake. Dramu yenyewe huinasa na kuivuta, nayo ikabana kuliko mguu ulivyoagiza. Hiyo ndiyo shuu inayotangulia. Na mwenziwe, ambayo dramu huirudisha badala ya kuivuta, ndiyo shuu inayofuata. Nguvu hii ya bure ilikuwa neema na fitina kwa pamoja: neema, kwa sababu dereva mwenye mguu wa kawaida aliweza kulizuia gari zito, fitina, kwa sababu tofauti ndogo ya lainingi (lile ganda la msuguano lililofungwa juu ya shuu), ya joto, au ya tone la grisi baina ya gurudumu la kulia na la kushoto ilikuzwa na dramu mara kadhaa, gari likavutwa upande.

Kwa miaka mingi breki zilikuwa katika magurudumu ya nyuma tu. Watu waliziogopa breki za mbele, wakidhani kwamba gari litapinduka au litamnyang'anya dereva usukani, hali mambo yako dhahiri kwamba gari linapozuiliwa uzito wake huinamia mbele, na magurudumu ya nyuma, yakiisha kupunguziwa mzigo, huburura upesi na kuteleza. Kampuni ya Argyll ya Scotland, ikisaidiwa na Mfaransa Henri Perrot, na Isotta Fraschini ya Italia zilithubutu kuweka breki katika magurudumu yote manne kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hispano-Suiza ikazitia fahari katika H6 yake ya mwaka 1919. Na Bentley, jina kubwa katika motokaa za spoti za Uingereza, ikazipokea mwaka 1924. Hapo ndipo kazi ya fundi ilipogeuka kuwa kazi ya kadhi. Magurudumu mawili ya nyuma yakikosana, gari hutikisa mkia. Mawili ya mbele yakikosana, moja likashika kabla ya mwenziwe, gari huacha njia. Insafu baina ya magurudumu manne ikawa sharti la uhai.

Insafu hiyo ilitafutwa kwanza kwa nyaya na fito za chuma. Katika motokaa za MG za mwanzo wa miaka ya 1930, zilizojengwa Abingdon chini ya uongozi wa Cecil Kimber, pedeli ilivuta nyaya zilizofika kwenye kila dramu. K3, gari dogo la mashindano lenye dramu kubwa za inchi 13, lilikuwa na mpango huohuo wa nyaya wakati Tazio Nuvolari alipoliendesha na kushinda Tourist Trophy ya mwaka 1933 katika barabara za Ards, Ireland ya Kaskazini. Ettore Bugatti, ambaye magari yake yalikuwa yakihesabiwa miongoni mwa mazuri ya Ulaya, alishikamana na nyaya hata karibu na Vita Kuu ya Pili, wakati wenziwe wengi walipokuwa wamekwisha kuziacha.

Nyaya zilikuwa na fadhila zake: zinaonekana, zinashikika, na ukikatika mmoja nyingine husalia. Lakini zilirefuka kwa kuvutwa, zikaota kutu na kukwama mahali zilipopita, kila mmoja kwa kiasi chake. Fundi aliyetaka kuziseti alilazimika kuliinua gari zima hata magurudumu manne yawe hewani, kuibana pedeli kwa kipande cha ubao katika kina alichokipima, kisha kulizunguka gari, gurudumu kwa gurudumu, akilisukuma kwa mkono na kuonja ukinzani wake, akikaza nati hapa na kulegeza pale, mpaka mkono wake ushuhudie kwamba yote manne yanakataa kwa kiasi kimoja. Baada ya hapo gari lilipelekwa barabarani, mahali penye changarawe au vumbi jepesi. Dereva alikanyaga ghafula, akashuka, na wote wawili wakaitazama michirizi minne ya matairi. Mchirizi uliokuwa mfupi kuliko wenziwe ulikuwa ni mashitaka, na kazi ilianza tena.

Mabadiliko yalitoka Marekani. Malcolm Loughead, ambaye jina lake lilikuja kuandikwa Lockheed, alipata mwaka 1917 hati ya breki zilizosukumwa na majimaji ndani ya mabomba. Kanuni yake ilikuwa ile ya Blaise Pascal, mwanachuoni Mfaransa wa karne ya kumi na saba, kwamba shinikizo likitiwa katika majimaji yaliyofungiwa huenea pande zote kwa kiasi kimoja. Kwa hiyo mguu mmoja juu ya pedeli moja ungeweza kuyagawia magurudumu yote manne haki zao pasipo waya wa kurefuka wala fito ya kupinda. Mwaka 1921 Jimmy Murphy aliendesha Duesenberg, gari la Kimarekani lenye breki za aina hiyo, na kushinda mashindano makubwa ya Ufaransa huko Le Mans. Katikati ya miaka ya 1920 Triumph ilikuwa ya kwanza katika Uingereza kuuza gari lenye breki hizi za mafuta katika magurudumu manne, na MG Midget zikazipokea mwaka 1936 katika aina ya TA.

Kwa kuangalia juu juu, mtu angedhani kwamba Pascal amemfukuza fundi kazini. Sivyo. Pascal alisawazisha shinikizo, hakusawazisha nafasi. Baina ya lainingi na dramu lazima pawe na nafasi nyembamba ili gurudumu lizunguke bila ya kusuguana, na lainingi ikilika kila siku nafasi hiyo huongezeka kila siku, wala hailiki sawasawa katika magurudumu yote. Gurudumu lenye nafasi kubwa hunywa mafuta mengi kabla ya shuu kugusa, na mpaka shuu zote ziguse shinikizo la kweli halianzi. Dereva akakanyaga, pedeli ikashuka na kushuka, karibu kugonga sakafu, ndipo gari likaanza kutii. Tena likaja jambo jipya ambalo nyaya hazikulijua, nalo ni upepo. Punje ya hewa iliyobaki ndani ya bomba hubanika, mafuta hayabaniki. Kwa hiyo breki yenye upepo huwa na pedeli laini, inayobonyea kisha ikarudi. Kutoa upepo, mmoja akikanyaga ndani ya gari na mwingine akifungua na kufunga nati ndogo nyuma ya gurudumu mpaka mafuta yatoke safi bila ya mapovu, ikawa ni sehemu ya elimu ya kila karakana.

Ili msomaji aione kazi yenyewe, na tuichukue MGA, motokaa ya spoti iliyotoka Abingdon mwaka 1955, ikiwa na dramu za inchi 10 mbele na nyuma. Katika magurudumu ya mbele kila shuu ilikuwa na silinda yake ya mafuta, yenye pistoni ya kuisukuma, zikapangwa hata zote mbili zikawa shuu za kutangulia gari likienda mbele; kwa sababu hiyo breki za mbele zilikuwa na nguvu nyingi gari likienda mbele na dhaifu likirudi nyuma. Nyuma palibaki shuu moja ya kutangulia na moja ya kufuata, kwa kuwa huko ndiko breki ya mkono ilikofanya kazi, na breki ya mkono haina budi kulishika gari mlimani, liwe limeelekea juu au chini.

Shuu zenye lainingi iliyokwisha hazikutupwa. Fundi alizifungua kwa kutoa dramu, akaandika kwanza kila springi imeingia tundu gani, maana springi iliyoingizwa tundu la jirani huivuta shuu mshazari. Akafunga waya mwembamba kuzishika pistoni zisiruke nje ya silinda, na akamkataza kila mtu kugusa pedeli. Ribiti za zamani zilitolewa kwa keekee, na lainingi mpya ikapigwa ribiti kuanzia katikati kwenda nchani, ili ilale juu ya shuu pasipo uvungu, na vichwa vya ribiti vikazama chini ya uso wa lainingi, kwa kuwa kichwa kinachochomoza huichimba dramu mfereji. Ncha za lainingi zilichongwa mshazari kwa tupa ili breki isinase kwa ghafula. Lainingi za magurudumu mawili ya ekseli moja zilibadilishwa pamoja, kutoka sanduku moja, hata kama upande mmoja ulikuwa bado na unene wa kutosha. Aliyebadilisha upande mmoja tu kwa kutaka nafuu aliipata nafuu hiyo siku ile, akailipa siku ya mvua. Na mikono ilioshwa kabla ya kuishika lainingi, kwa sababu grisi ya kidole yatosha kuifitinisha na mwenziwe.

Silinda iliyovuja ilikuwa hukumu bila ya rufaa. Lainingi iliyonywa mafuta ya breki haikusafishwa, kwa maana kila ikipata moto huyatoa tena. Ilitupwa, na pete za mpira ndani ya silinda zikabadilishwa. Vyombo hivi vilioshwa kwa mafuta ya breki au kwa spiriti, wala si kwa petroli, kwani petroli na mafuta ya injini huuvimbisha mpira hata ukakwama.

Dramu nayo ilichunguzwa. Iliyopata mifereji, au iliyopoteza mviringo wake kwa joto, ilipelekwa kwa mkerezaji ikakerezwa kidogo ndani mpaka uso wake uwe laini, lakini kwa hadhari, kwa kuwa dramu iliyokerezwa mno hubaki nyembamba, hupata moto upesi na kupotoka upesi kuliko mwanzo. Aidha dramu iliyokerezwa ni pana kuliko shuu iliyozaliwa nayo. Shuu ikiingia humo hugusa kwa katikati tu. Hapo fundi alipaka chaki juu ya lainingi, akairudisha dramu, akaizungusha huku shuu zimebanwa kidogo, akaitoa tena na kutazama chaki imefutika wapi. Mahali palipofutika palikuwa pameinuka. Akapapiga tupa, akapaka chaki tena, akazungusha tena, hata alama ikaenea juu ya sehemu kubwa ya lainingi. Hii ilikuwa kazi ya subira, na aliyeiharakisha alimwachia dereva kuimaliza barabarani kwa maili mia kadhaa za breki zilizoshika nusu.

Ndipo ikaja kuseti. Gari liliinuliwa kwa jeki, kifuniko cha gurudumu kikatolewa, na gurudumu likazungushwa polepole mpaka tundu lililotobolewa katika dramu lielekeane na kichwa cha skrubu ya kurekebishia. Skrubu hiyo iligeuza kipande cha chuma chenye mapengo, ambacho upande wake mmoja ni mnene kuliko mwingine, na unene huo uliisukuma shuu kuelekea dramu. Fundi aliigeuza kwa bisibisi mpaka ikakataa, kisha akairudisha pengo moja tu. Mbele palikuwa na skrubu mbili kwa kila gurudumu, nyuma moja. Na breki ya mkono ililegezwa kwanza, kwa kuwa waya wake ukiwa umevuta, shuu za nyuma husema uwongo. Halafu pedeli ilikanyagwa kwa nguvu ili shuu zijipange katikati ya dramu, na kila gurudumu likazungushwa tena, maana mara nyingi shuu iliyojipanga huacha nafasi mpya inayotaka pengo jingine. Hapa sikio lilifanya kazi kuliko jicho. Mchakacho hafifu ulioenea mzunguko mzima ulikuwa wa shuu mpya isiyozoea, ukasamehewa. Mchakacho uliokuja na kuondoka, mara moja kwa kila mzunguko, ulikuwa wa dramu iliyopoteza mviringo, na huo haukusamehewa.

Kazi yote hii ilikuwa na adui mmoja ambaye ustadi wa mkono haukuweza kumshinda, naye ni joto. Breki haifanyi jambo lolote ila kugeuza mwendo kuwa moto. Na kasi ikiongezeka mara mbili, moto unaozaliwa gari likisimamishwa huwa mara nne. Dramu ikipata moto hutanuka na kuikimbia shuu, nayo lainingi hupoteza nguvu zake za kushika, hata dereva akakanyaga pedeli ngumu na gari lisitii. Jaguar XK120, iliyoonyeshwa London mwaka 1948 na kupimwa mwaka uliofuata huko Jabbeke, Ubelgiji, ikienda zaidi ya maili 132 kwa saa, ilikuwa na dramu za inchi 12, kubwa kwa kadiri magurudumu yalivyoruhusu. Na bado kila aliyeiendesha kwa bidii katika mteremko mrefu alijua kwamba injini yake imezipita breki zake. Mafundi walitoboa matundu ya kupitisha hewa, wakaweka dramu za aluminiamu zenye mapezi na pete ya chuma ndani yake, wakatafuta lainingi ngumu zaidi zilizotaka mguu mzito. Kila dawa ilisaidia, na hakuna iliyoponya.

Shauri lilikatwa katika mashindano ya Le Mans. Mwaka 1951 Jaguar ilishinda huko kwa breki za dramu. Mwaka 1953 ilirudi na breki za diski za Dunlop, zinazobana bamba la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, na Tony Rolt na Duncan Hamilton wakashinda kwa wastani uliozidi maili 100 kwa saa, kiasi ambacho hakikuwa kimefikiwa hapo. Wapinzani wao hawakuwa wazembe. Mercedes-Benz, iliyokuwa na wahandisi wa sifa kubwa na dramu za hali ya juu, iliona mwaka 1955 kwamba haiwezi kushindana na diski kwa dramu peke yake, ikaweka nyuma ya dereva bamba kubwa lililoinuliwa kwenye upepo ili hewa isaidie kulizuia gari. Hapakuhitajika ushahidi mwingine kwamba dramu ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake katika mashindano.

Jambo la ajabu ni kwamba diski haikuwa ngeni. Frederick Lanchester wa Birmingham aliisajili mwaka uleule wa hati ya Renault, 1902, lakini chuma na vifaa vya siku zile havikuiruhusu, na kelele zake ziliwakera watu. Iliporudi baada ya nusu karne ilileta, pamoja na nguvu za kustahimili joto, jambo ambalo madereva hawakulitangaza lakini mafundi walilitambua mara moja: breki ya diski hujirekebisha. Lainingi ikilika, pistoni husogea mbele yenyewe na kubaki hapo. Hakuna pengo la kurudisha wala skrubu ya kutafuta kwa bisibisi. Triumph iliziweka mbele katika TR3 mwaka 1956, MGA ikafuata mwaka 1959 katika 1600, na Porsche ikaiacha dramu katika 356 mwaka 1963.

Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na shule yake ya dramu, na mwalimu wake alikuwa barabara. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, magari yaliyoingia yalikuwa ya kawaida, yenye breki za dramu, nayo yalipita vumbi jembamba kama unga na mito iliyofurika. Dramu ikijaa maji haishiki. Dereva mzoefu alipovuka mto aliigusa pedeli kwa mguu wa kushoto huku akiendelea kwenda, mpaka moto wa msuguano uikaushe. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 ya breki za dramu. Dereva anayejua breki yake imefungwaje huijua pia itakataa lini, na katika njia zile ujuzi huo ulikuwa na thamani kuliko nguvu nyingine za farasi.

Imebaki habari ya asbesto. Mwaka 1924 Nellie Kershaw, mwanamke aliyekuwa akisokota nyuzi za asbesto huko Rochdale, alikufa akiwa na umri wa miaka 33, na daktari William Cooke akaonyesha kwamba mapafu yake yalikuwa yameharibiwa na vumbi la kazi yake. Sheria za kuwalinda wafanya kazi wa viwanda vya asbesto zilitolewa katika Uingereza mwaka 1931, lakini zilihusu viwanda, wala hazikumfikia fundi wa karakana ambaye kwa miaka mingi baadaye aliendelea kufungua dramu na kupuliza vumbi lake kwa mpira wa upepo, au kulipangusa kwa brashi huku akivuta pumzi. Asbesto ilipigwa marufuku katika Uingereza mwaka 1999. Fundi wa leo anayefungua dramu ya zamani asiyojua imefungwa lainingi gani hupangusa vumbi kwa kitambaa kilicholowa maji, hukitia ndani ya mfuko na kuufunga, na hapulizi upepo. Na katika sanaa hii yote hakuna desturi ya wazee inayostahili kuachwa kuliko ile ya kupuliza.

Yaliyobaki ya wazee hao hayastahili kuachwa. MGA na XK120 zingali zinaendeshwa, na mwenye gari la namna hiyo hawezi kununua usalama wake mara moja akausahau. Humbidi aurudie kama walivyourudia wenye gari wa mwaka 1955. Kwa hiyo mtu atakaye kununua motokaa ya spoti yenye breki za dramu asianze kwa rangi wala kwa mlio wa injini. Na aulize dramu zimekerezwa mara ngapi na zimebaki na unene gani, lainingi za kulia na za kushoto zimetoka sanduku moja au mawili, na nani aliyeziseti mara ya mwisho. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo matatu apunguze bei.